Bibi kwa Kiswahili cha Kwetu

Nilikwenda Kenya kumtumikia Mungu kwa miezi sita, na kazi niliyoifanya kwa bidii kuliko zote ilikuwa kuwasahihisha watu Kiswahili. Naanza na hilo ili usije ukanihurumia mapema. Ilikuwa mwaka elfu mbili na nne, nina miaka ishirini na minne, nimetoka Morogoro na begi moja na kichwa kikubwa. Kanisa letu lilikuwa na urafiki na kanisa moja la Kitale, nao wakaomba watumiwe kijana wa kujitolea: awafundishe walimu wa watoto, anyooshe lugha ya vitabu vyao vya masomo, na kwenye mikutano ya injili asome Neno kwenye kipaza sauti. Eti walitaka mtu wa Kiswahili chenyewe. Maneno hayo mawili, "Kiswahili chenyewe", ndiyo yaliyonivimbisha. Nilivuka mpaka wa Namanga nikijiona nimepewa cheo.

Nyumbani nilimwacha bibi yangu. Mama alifariki nikiwa natambaa, baba sikupata kumjua, na bibi, mama yake mama, ndiye aliyenilea kwenye nyumba ya vyumba viwili chini ya milima ya Uluguru. Alikuwa mkali huyo! Anatukana mbuzi wa jirani, anatukana mvua, anatukana redio ikisoma habari asizozipenda, halafu Jumapili anakaa benchi la mbele ametulia utadhani si yeye. Siku ninaondoka hakulia. Alinikagua kola ya shati, akasema nimevaa kama mhudumu wa baa, akaingia ndani. Aliyebaki kumwangalia ni mama mdogo, mdogo wake mama, aliyekaa nyumba ya pili.

Kitale kuna baridi, na hakuna aliyekuwa ameniambia. Nilipewa chumba nyuma ya kanisa, dirisha linatazama shamba la mahindi, na mahindi ya wilaya ile ya Trans-Nzoia si mchezo, yalinizidi urefu. Kwa miezi mitatu sikuona kitu dirishani ila mahindi. Nilikuwa nakula kwa mama mmoja mjane, muuza nafaka, ambaye wazazi wake walihamia huko kutoka upande wa Murang'a. Yeye aliniita Mtanzania.

"Mtanzania, kuja ukule."

"Mama, haisemwi 'kuja ukule'. Ni 'njoo ule'."

Alinitazama, mwiko mkononi. "Umeelewa ama hukuelewa?"

"Nimeelewa."

"Basi kuja ukule."

Nilikuwa napenda kuisimulia hiyo kama kichekesho, lakini siku ile sikucheka. Kila nilichosema kilikuwa kinachekwa. Nikisema "naomba chumvi" wanauliza naomba kwani wao ni Mungu. Nikimwamkia mtu mzima "shikamoo" ananijibu "eeh, sasa", anapita. Kwetu mkubwa asipoitikia marahaba ni kama amekukataa. Najua hawakunikataa, walikuwa na salamu zao, za kushikana mkono kwa nguvu mpaka bega linauma. Lakini wewe amka kila siku, mwamkie kila mkubwa unayekutana naye, usiitikiwe hata mara moja, uone moyo utakavyofanya. Nilikuwa mpweke, basi. Watu walikuwa tele, na walikuwa wanasema lugha yangu, na mimi sikuwemo ndani yake.

Nikaanza kulipiza. Nilisahihisha vitabu vya masomo, nikasahihisha matangazo, nikasahihisha sala. Mwenyekiti wa kamati ya mikutano alikuwa mzee wa Bungoma, mtumishi wa serikali aliyestaafu, mtu mpole mwenye koti moja la kijivu, na kwenye mdomo wake r na l zilikuwa zimebadilishana viti. Akiomba "lehema za Mungu", mimi niko pembeni nasema "rehema", kwa sauti ya chini lakini si ya chini sana. Mzee wa watu hakunijibu hata siku moja. Nami nikadhani ananishukuru.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwenye Jumapili ya kwanza, maana mambo yote yalianzia pale. Mchungaji alinisimamisha nijitambulishe. Nikasema jina, nikasema natoka Morogoro, halafu nikasema hivi: "Nimemwacha bibi yangu nyumbani. Afya yake si nzuri, presha inamsumbua. Mimi ndiye niliyekuwa namwashia moto asubuhi na kumpikia uji. Naomba mumkumbuke katika maombi." Wanawake wakaguna kwa pamoja. Mmoja akasema kwa sauti, "Wanaume wa hapa, si mmesikia?" Kanisa likacheka. Nikajua wanacheka lafudhi yangu.

Jioni mama muuza nafaka akanihoji tukiwa mezani.

"Na mko na watoto?"

Nilidhani anauliza kama pale nyumbani kuna watoto. "Hapana. Tuko wawili tu, mimi na bibi."

"Woi, pole. Mungu atawakumbuka."

"Amina."

"Ako na miaka ngapi?"

"Hata mwenyewe hana uhakika. Ila amenizidi mbali sana."

Akaongeza mboga kwenye sahani yangu. "Bora mnapendana," akasema.

Nikamwambia tunapendana mno, ila ananitukana kila siku. Akasema hiyo ni kawaida.

Basi bibi akaingia kwenye maombi ya kila Jumatano. Tukienda kufanya ibada mji mdogo uitwao Kwanza, wanawake nisiowajua wananishika mkono: "Bibi anaendelea aje?" Kachibora hivyo hivyo, mzee mmoja aliacha kupima maharage yake akaja kuniuliza hali ya bibi. Huko ndiko nilikopata joto. Mengine yote yalinipita, lakini bibi yangu alikuwa anapendwa na watu wasiomjua, na mimi nilikuwa naota moto kwenye upendo huo. Nilimpigia simu mama mdogo nikamwambia bibi anaombewa mpaka Kachibora. Bibi alisikika kwa nyuma akiuliza Kachibora ndiyo nini.

Mwezi wa nne tulihamia Bungoma, kuandaa mkutano mkubwa wa injili pale Kanduyi. Tulikuwa tunafunga mahema na kubeba viti wakati mama mdogo alipopiga. Alisema bibi yuko kitandani wiki nzima, daktari amesema moyo umechoka. "Anakuulizia. Kama unaweza kuja, njoo umkute." Akakata simu, na mama mdogo si mtu wa kukata simu mapema.

Kuanzia hapo nilitaka kitu kimoja tu duniani: kumkuta bibi hai. Lakini ile huduma ilikuwa na kanuni, na niliitia saini kwa mkono wangu. Anayejitolea haondoki kabla ya muda ila ameuguliwa au amefiwa na mke, mtoto au mzazi. Bibi hakuandikwa. Nauli yangu ya kurudi ilikuwa kwao na mfukoni sikuwa na kitu. Nikamfuata mchungaji, nimejiandaa kukataliwa.

"Mchungaji, nimepigiwa simu. Bibi amezidiwa."

Hakuniacha nimalize. "Bibi yako? Na bado umesimama hapa? Kesho asubuhi unaenda. Bibi ni bibi, bwana."

Nililia pale pale. Nikasema moyoni, kumbe watu hawa wana utu kuliko kanuni zao. Nikakimbia kumpigia mama mdogo: "Mwambie bibi naja. Kesho naondoka." Nilimsikia akipiga kigelegele kifupi, halafu akamwita bibi kwa sauti kubwa.

Mchana ule ule kamati ikakusanyika chini ya hema kuniombea safari. Mama muuza nafaka alikuwa amekuja na wanawake wa Kitale kupika chakula cha mkutano, akatokea na zawadi ameifunga kwenye gazeti. "Hii ni ya bibi, kutoka kwa sisi wamama." Nikaifungua mbele ya wote. Lilikuwa gauni la kulalia, jekundu, jepesi, mabegani kamba mbili tu.

Nikaangua kicheko. Kwa miezi minne sikuwa nimecheka namna ile. "Jamani mama! Bibi yangu ana miaka themanini na kitu. Nikimpelekea hii ataniua!"

Hakuna aliyecheka nami. Mwenyekiti alisogeza kiti chake mbele. "Miaka themanini? Kijana, umeoa mama wa miaka themanini?"

"Nimeoa nani? Sina mke mimi! Bibi! Bibi yangu, mama yake mama!"

"Ala," akasema mzee. "Kumbe ni nyanya."

Sasa hapa ndipo mdomo wangu uliponiponza. Ningekuwa na akili ningeona kilichotokea: kwao bibi ni mke, na kwa miezi minne walikuwa wanamwombea mke wangu mgonjwa, mzee kuliko mimi, asiyezaa. Niliona, tena niliona vizuri. Lakini nilichosikia kwa nguvu zaidi ni lile neno lao. Nyanya! Mwanamke aliyenibeba mgongoni anaitwa kiungo cha mchuzi.

"Mzee, nyanya ni ya kupikia," nikasema. "Mama yake mama anaitwa bibi. Mke anaitwa mke. Mambo hayo yapo kwenye kamusi."

"Na bibi alusi?" akauliza mzee kwa upole kabisa. "Ni nyanya ya alusi?"

Hema lote likapasuka kwa kicheko. Wanawake walijishika mbavu, mchungaji akavua miwani kufuta macho, hata waliokuwa wanafunga kamba nje walichungulia. Leo nacheka na mimi, maana alinipata. Siku ile damu ilipanda. Miezi minne ya kuchekwa ikatokea mdomoni. Nikawaambia wao wamekaa wanaivunjavunja lugha wasiyoijua, halafu wanamcheka anayeijua. Nikaeleza "kuja ukule" ni nini. Nikaeleza rehema na lehema. Nilitoa somo zima, nimesimama, gauni jekundu liko mkononi.

Kicheko kikaisha. Mchungaji akarudisha miwani usoni. "Kwa hivyo si mke," akasema taratibu.

"Si mke."

"Ni nyanya."

"Ni bibi," nikasema, nikakunja mikono.

Alisubiri. Hilo nalikumbuka kuliko yote. Alinitazama akasubiri, alikuwa ananipa nafasi. Sentensi moja tu ingetosha: ndiye aliyenilea, sina mama mwingine. Haikunijia, kwa sababu nilikuwa nimeshinda ubishi na nilitaka nionekane nimeshinda.

"Hiyo basi inaweza kungoja," akasema mwenyekiti. "Mkutano ni wiki mbili tu. Na hiyo Kiswahili yake ndiyo tunategemea hapa." Nilidhani ananikejeli. Leo naamini alisema alichokiona. Mchungaji akasema kanuni ni kanuni, mkutano ukiisha nitapewa nauli siku hiyo hiyo, na tukafumba macho tukamwombea nyanya yangu.

Asubuhi mama muuza nafaka alinifuata nikiwa napanga viti. "Enda uongee na pasta. Mweleze pole pole, atasikia."

"Nimweleze nini? Niombe msamaha kwa kujua Kiswahili?"

"Mtanzania, wewe uko na shida," akasema, akaenda zake jikoni. Mchungaji mwenyewe alipita baadaye akaniuliza kama niko sawa. Nikamjibu niko salama, nashukuru. Nikampigia mama mdogo nikamwambia safari imesogezwa mbele wiki mbili. 

"Utamwambia?" nikauliza.

"Nitajua la kumwambia," akasema.

Mkutano ulijaa. Kila alasiri nilipanda jukwaani nikasoma, na sauti yangu ilikwenda mpaka barabarani kwa wauza miwa, na watu walikuwa wanakuja kuniambia Kiswahili changu ni kitamu. Kabla ya hapo nilifikiri nimeshaujua upweke. Kumbe ule wa mahindi ulikuwa wa kitoto. Sasa nilikuwa nasimama mbele ya umati unaonisifu na moyoni nasema, mpumbavu wewe, shuka, mfuate mtu yule, mwambie. Kila siku nasema kesho. Nilikuwa nahesabu siku zilizobaki kama mfungwa, na bado kiburi kilinishika kola.

Siku ya kumi na moja ya mkutano mvua ilikuwa imenyesha usiku. Nilikuwa nafuta viti asubuhi simu ikalia. Mama mdogo hakunisalimia. "Bibi ametutoka," akasema. "Sasa hivi tu."

Niliendelea kufuta viti. Sijui kwa nini, lakini nilifuta safu nzima. Mwenyekiti ndiye aliyegundua. Alikuja na koti lake la kijivu akaketi kwenye kiti ambacho sijakifuta, akanivuta mkono nikaketi.

"Ni nyanya?"

"Ndiyo." Halafu ikatoka, yenyewe, imechelewa siku kumi na moja. "Ndiye aliyenilea, mzee. Mama yangu alikufa natambaa. Sina mama mwingine."

Alinigeukia mwili mzima. "Hukusema."

"Sikusema."

"Mimi nimelelewa na kukhu," akasema. "Mama alienda nikiwa mdogo. Kukhu ndiye mama. Ungesema hivyo siku ile, mimi mwenyewe ningekupereka mpaka stendi." Kukhu ni bibi kwa Kibukusu. Siku nyingine ningesikia kuku, na ningefungua somo jingine. Nililia kwenye lile koti mpaka likalowa, na mzee akawa anasema "lehema, lehema", ananipigapiga mgongo.

Waliniruhusu niondoke mkutano wao ukiwa bado na siku tatu. Mchungaji alinipeleka stendi mwenyewe, hakuweza kunitazama, nami sikuweza kumtazama. Nilisafiri siku mbili na nusu. Nilipofika Morogoro walikuwa wameshamzika, na turubai lilikuwa linafunguliwa.

Kitanda cha bibi hakikuwa chumbani. Kilikuwa sebuleni, kimesogezwa, upande wa kichwa unatazama mlango. Nikamuuliza mama mdogo nani alikihamisha.

"Mwenyewe," akasema. "Siku ile uliposema unakuja, akataka kitanda kikae hapo akuone ukiingia. Sasa ulipopiga kusema huji, mimi ningemwambiaje?"

"Ulimwambia nini?"

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Nilimwambia uko njiani. Kila asubuhi akiamka anauliza, kafika wapi? Miji ya Kenya mimi siijui, nikakuweka Nairobi siku mbili. Halafu Namanga. Arusha nikakukawiza siku tatu, nikasema basi limeharibika. Alilitukana hilo basi, we! Akamtukana dereva na mama yake. Halafu Moshi, halafu Same. Korogwe nikakulaza siku mbili. Nilikuwa naishiwa miji, mwanangu, na yeye hachoki kuuliza."

Niliketi chini, mgongo kwenye mguu wa kitanda.

"Asubuhi ile sikuwa na la kufanya, nikamwambia umefika Chalinze. Akasema, Chalinze si hapo tu! Mbona mmekaa? Mbandikieni maji ya kuoga, atafika ananuka basi." Mama mdogo akajifuta uso kwa ncha ya khanga. "Tukayabandika."